Ng'ombe Elfu Arobaini wa Toliva

"Hamsini na sita," Adolphine alirudia, mikono kiunoni, kifua kimeegemea ua wa matete. "Mutoto wako iko na ng'ombe hamsini na sita kule Amerika, Mama Pascal, na miye unaniletea mahari ya mbili. Binti yangu Yolande nilimuokota mu njia?"

"Pascal hana ng'ombe," Georgette akasema.

"Leo hana. Dimanche, mbele ya kanisa, alikuwa nazo. Kadutu yote ilisikia."

Na kweli mtaa mzima ulisikia, maana Jumapili ile Georgette mwenyewe ndiye aliyesema. Mwanawe Pascal alikuwa amepelekwa na kanisa kusomea kilimo Nebraska, na mwezi uliopita alimtumia mama yake kitabu chembamba cha kaunti anakoishi, Toliva, kaunti ikiwa ni kitu kama zone yetu, yaani wilaya. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kwa hiyo Pascal alitia Kifaransa pembeni kwa kalamu: ukubwa, kilometa za mraba elfu moja na mia tisa, wakaaji, mia saba na kumi na wawili, ng'ombe, elfu arobaini. Georgette alikitembeza ndani ya mkoba kama kitabu cha sala. Aliyemsalimia alisomewa, asiyemsalimia pia alisomewa. Nchi kubwa kuliko zone ya Walungu, alisema, Walungu ambako huwezi kujificha nyuma ya mgomba bila mtu kukuamkia, na ndani yake ni ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe.

Kosa lake lilikuwa kumwazima Léopold kitabu hicho. Léopold, mume wa Adolphine, ni karani wa kuhesabu watu ofisi ya zone, na katika ofisi ile kila kitu hugawanywa kwa vichwa: chumvi, vitenge vya sikukuu, hata mabati. Akachukua kalamu ya risasi, akagawa ng'ombe wa Toliva kwa wakaaji wa Toliva. Hamsini na sita kila kichwa, na Pascal ni kichwa.

"Samedi unaleta kumi," Adolphine akasema. "Bila kumi, Yolande hapandi ndege. Kuna mwanaume wa Kamituga, anauzaka dhahabu, na yeye haniletei hesabu za vitabu."

Hata Jumamosi kumi zisingemletea Georgette ng'ombe kumi. Alikuwa na ng'ombe wawili tu duniani, kwa kaka yake kule Nyangezi, na wote wawili ndio wale aliokwisha kumwahidi Adolphine. Dhidi ya dhahabu ya Kamituga alikuwa na barua moja tu ya Pascal, nayo ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya sidiria yake. Heri ale sabuni kuliko kuisoma mbele ya watu hawa.

"Bwana yako anahesabu ng'ombe za bazungu," akasema, ili kupata muda. "Zake iko ngapi?"

"Zake ziliisha kunioa. Miye sikuolewa na mbili."

Wanawake waliokuwa wakitoka sokoni waliweka vikapu chini. Mmoja alikalia cha kwake kabisa, kama mtu aliyelipia kiti. Léopold naye akatoka ndani na fulana yake ya nyumbani, na Yolande nyuma yake, mikono ina unga. Georgette aliyatazama macho yote yale, akaingiza mkono kifuani.

"Kamata," akamwambia Léopold juu ya ua. "Weye mutu wa kuhesabu, soma."

Léopold akasoma kwa sauti ya ofisi, akitafsiri Kifaransa papo hapo.

"Mama, ng'ombe ni za watu tisa tu, na miye ninaoshaka pahali pa kuzikamulia asubuhi, mbele ya masomo kuanza. Jirani iko kilometa saba. Shule ya watoto walifunga, walibaki wanne. Vijana wote wanakimbilia miji, kila mwaka watu wanapungua. Tangu nifike, miezi munane, hakuna mutu amegonga mlango wangu. Ninakulaka nikisimama. Usiambie watu wa Kadutu."

Mstari wa mwisho aliusoma kabla ya kuuona. Akashusha karatasi, akaanza kuikunja upya.

"Kumbe," Adolphine akasema polepole. "Mutoto wako ni muchungaji wa ng'ombe za wengine. Ulisoma ukurasa wa ng'ombe, ule wa watu ukauruka."

"Mungenicheka."

"Tungekucheka, ndiyo. Na ungestahili. Ulitaka binti yangu azae kule, ng'ombe ndio zimushike mukono?"

"Nilitaka mutoto wangu apate mutu."

"Na wangu apate nini?"

Aliyejibu ni Yolande, akijipangusa unga. "Mama, miye nilijua. Aliniandikia yote, hata kuosha. Kuzalisha nimesomea miye mwenyewe. Ninaenda."

Adolphine akamgeukia. "Ulijua, na ukaniacha nipige kelele ju ya ng'ombe asubuhi yote?"

"Ulikuwa unafurahi."

Mwanamke wa kwenye kikapu akacheka. Adolphine akamtupia jicho lililomnyanyua pale pale, na wenzake wakajitwika mizigo yao bila kuambiwa. Kisha akaegemea tena ua.

"Miezi munane," akasema. "Hata mutu wa kuomba chumvi?"

"Nani aombe? Kilometa saba."

"Hata wa kuja kumuchokoza tu?"

"Hata huyo."

Adolphine akatema mate pembeni, mbali na miguu ya mtu. Akamtazama binti yake, halafu matete, halafu binti tena.

"Léopold, futa ile hesabu yako. Ng'ombe mbili, samedi, na zisikuje na upele. Uongo wako, Mama Pascal, sijaumaliza. Nitakutukana mpaka ndege ya huyu iruke, na ikiruka nitaendelea."

"Tukana," Georgette akasema. Alichukua mkoba wake kuelekea kwake, kwenye nyumba ya vyumba viwili na sufuria moja.

"Unaenda wapi?"

"Kwangu."

"Mboga ya sombe imeiva, na bugali Yolande anamaliza kusonga. Miye sijui kutukana mutu mwenye njaa. Zunguka ua, ingia ukule."