Jumanne Saa Kumi na Moja

Jumanne ya nne dada yangu Elba alimwacha mteja saluni na rangi kichwani, akavuka reli kwa viatu vyake vya kazini, akaja kuketi kwenye kimoja kati ya viti vinane nilivyokuwa nimevipanga duara. Nilikuwa peke yangu, kama Jumanne tatu zilizotangulia. Nilikuwa na chupa ya maji moto, kibuyu cha kunywea yerba, yale majani machungu tunayoyanywa kama chai, na karatasi ukutani niliyoiandika kwa mkono wangu: *Kikundi cha wanaotaka kuacha pombe. Hakuna dini. Hakuna ada. Ingia.*

"Elba, wewe hunywi," nikamwambia.

"Kiti hakijui," akajibu, na akanyoosha mkono nimpe kibuyu.

Tulikaa saa nzima. Alinisimulia nani amegombana na nani mjini, na mimi nikawa natega sikio mlangoni. Ilipotimu saa kumi na mbili alijikung'uta sketi. "Mkutano umekwenda vizuri," alisema. "Yule mama sasa hivi atakuwa rangi ya karoti."

Miaka ishirini na minane imepita, na Elba hayupo tena. Watu wa mji wetu wa Paso de los Toros huniita mwanzilishi. Mimi najua kwamba lau si yeye kukalia kile kiti, Jumanne ya tano nisingefungua mlango.

Nilikuwa fundi wa injini kwenye karakana ya reli, na mlevi kwa miaka kumi na tisa. Sikuwa mlevi wa kupiga watu. Nilikuwa wa kusahau: kumchukua binti yangu shuleni, kuzima jiko, mazishi ya mama mkwe. Mke wangu, Raquel, hakunifukuza kwa kelele. Siku moja alinipangia nguo zangu kwenye sanduku, zimepigwa pasi zote, hata soksi. Zile soksi ndizo zilizonimaliza. Elba alinipa chumba cha nyuma ya saluni, na kwa mwaka mzima nililala ndani ya harufu ya dawa za nywele.

Nilianzia kwenye kikundi cha parokia, kwa sababu hakukuwa na kingine. Kiongozi wake alikuwa Don Hermes, mshona viatu mstaafu, mtu mpole kuliko wote niliowahi kuwajua. Miezi minne niliketi kati yao, na walinipokea vizuri. Lakini kila tulipofika kwenye sala ya kumkabidhi Mungu maisha yetu, ulimi wangu uligoma. Baba yangu hakukanyaga kanisa hata siku alipooa, nami nilikulia hivyo, bila chuki, bila kukosa kitu. Nilipoitamka ile sala nilijiona kama mtu anayetia saini karatasi asiyoisoma, na nikitoka hapo kiu ilinishika vibaya zaidi, kwa sababu nilikuwa nimesema uongo.

Nilimweleza Don Hermes. Nilitegemea anihubirie. Yeye akauliza, "Mtakutana wapi?"

"Nani?"

"Wewe na wengine kama wewe. Hauko peke yako, Milton. Wengine nimewaona wakija mara moja tu, hawarudi."

Nikamwambia labda chama cha wafanyakazi wa reli kitanipa chumba, ila hakina viti. Wiki hiyo hiyo alikuja na mkokoteni wa jirani, umebeba viti vinane vya parokia. Nikamuuliza kama padri hatachukia.

"Padri nitaongea naye mimi," alisema. "Na Mungu wangu hana wivu. Shusha."

Basi Jumanne ya tano aliingia Mwalimu Nubia Pintos. Nusu ya mji ilijifunza kusoma mbele ya ubao wake, mimi nikiwemo, na nilipomwona nilisimama kama mtoto aliyekutwa na kosa. Alikuwa amevaa koti lililofungwa vifungo vyote, na daftari jipya kwapani.

"Nimesikia mna kikundi," alisema. "Kikundi kinahitaji katibu. Nimekuja kuandika kumbukumbu."

"Karibu, Mwalimu. Ila hatujapata wa kumwandika."

"Nitakuandika wewe."

Akaandika. Nilizungumza, naye akawa anaandika, na mara moja alinisahihisha sentensi. Wiki iliyofuata alikuja tena, na akaja pia Wilmar, aliyekuwa dereva wa treni, mtu mkubwa mwenye sauti ya honi. Huyo hakuzunguka. Alikaa, kiti kikalia kwa uzito wake, akasema, "Mimi nakunywa hata manukato ya mke wangu. Haya, nimeshasema. Sasa nieleze jambo moja, Milton. Wale wa parokia wana Mungu wa kumshika. Sisi hapa tunamshika nani?"

Nilikuwa na kitu kimoja tu, nilichoambiwa na daktari wa zahanati: kwamba kiu hupanda na kushuka, na mara nyingi haizidi nusu saa. Nikamwambia Wilmar tutashikana sisi kwa hiyo nusu saa. Ikikupanda, nenda kwa mwenzako, saa yoyote ya mchana, umsaidie kazi yoyote iliyo mbele yake mpaka ishuke.

"Na kama hana kazi?"

"Mimi nina viazi vya kumenya siku zote," akasema Mwalimu Nubia bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. Halafu kalamu ikasimama. "Na ninyi mnaweza kuhitajika kwangu. Hasa asubuhi. Kabla ya shule." Akafunga daftari. "Hili sitaliandika."

Wilmar alimimina maji kwenye kibuyu, polepole mno kwa mtu wa mikono ile, akampa.

Ndivyo tulivyoanza. Miezi ile ua wa nyumba ya Wilmar haukuwa na gugu hata moja, na viazi vya Mwalimu Nubia vilimenywa hadi akawa anagawa kwa majirani. Asubuhi nyingi, kabla ya kengele ya kwanza, nilikaa jikoni kwake nikirekebisha bomba ambalo halikuwa bovu. Hatukuongea sana. Alikuwa akiangalia saa ya ukutani, nami nikimwangalia yeye, na mshale ukifika mahali alipotaka alivaa koti na kwenda kufundisha.

Kisha binti yangu, Yanina, akatimiza miaka kumi na mitano, umri ambao kwetu msichana hufanyiwa sherehe kubwa kama ya harusi.

Sikutarajia mwaliko. Uliletwa na Raquel mwenyewe, saluni, akaukabidhi kwa Elba kana kwamba mimi sipo chumbani, lakini jina lilikuwa langu. Nilikwenda nimevaa suti ya Wilmar iliyopunguzwa kila upande. Nilicheza dansi ya baba na binti katikati ya ukumbi, huku nikihesabu hatua kimoyomoyo, na Yanina akanong'ona, "Unanikanyaga, Baba," akicheka. Nilikunywa soda. Watu walinipiga mabegani. Nilitoka pale nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nimshike mikononi siku aliyozaliwa.

Wengi hudhani niliangushwa na huzuni. Niliangushwa na ile furaha. Nilipopita kwenye baa ya stesheni nilijiambia kwamba mtu aliyecheza vile amepona, na mtu aliyepona anaweza kusherehekea kwa glasi moja ya grapa, pombe kali ya zabibu. Nilikunywa kuanzia Jumamosi hadi Jumatatu.

Jumanne niliamka nikitetemeka, nikajua la kufanya. Nitakwenda nibandue karatasi, nirudishe viti, yaishe. Nilichelewa makusudi, mpaka saa kumi na moja na nusu, ili wakikuta mlango umefungwa wawe wameshaondoka. Ningemwambia nini Mwalimu Nubia, mimi niliyekuwa nikiangalia saa pamoja naye?

Mlango ulikuwa wazi; walikuwa wameomba ufunguo kwa watu wa chama. Walikuwa wameketi, Wilmar na Mwalimu, pamoja na mwanamke mmoja ambaye sikumfahamu. Elba naye alikuwepo, ndiye aliyeshika kibuyu. Mwanamke yule alikuwa akizungumza, na hakuna aliyegeuka. Nilisimama kizingitini na shati nililolala nalo. Mkutano ulikuwa unaendelea bila mimi, na vizuri tu. Niliumia, nakiri. Kisha nikahisi nafuu, kama mtu aliyebeba gunia mbali akasikia wengine wameshika pembe.

Wilmar alivuta kiti kwa mguu. "Kaa. Leo wewe ni wa kusikiliza."

Nilikaa. Yule mgeni, jina lake Dilma, alimaliza habari yake. Ndipo Mwalimu Nubia akanigeukia, kwa macho yale yale ya darasa la kwanza.

"Siku ngapi?"

"Tatu."

"Leo?"

"Leo bado."

"Basi leo ni siku ya kwanza," alisema. "Ni nani unayepaswa kumwambia kabla mji haujamwambia?"

Nilijua anamaanisha nani. Kesho yake adhuhuri nilimsubiri Yanina nje ya shule. Nilimweleza nimesimama, mikono mfukoni ili asiione, na sikumficha hata sababu ya ile glasi ya kwanza. Nilitaka alie, au aondoke. Alinisikiliza hadi mwisho, begi kifuani.

"Kwa hiyo ni kwa sababu ya sherehe yangu," alisema.

"Hapana. Ni kwa sababu yangu. Sherehe yako ilikuwa nzuri."

Akalivaa begi mgongoni. "Jumanne ijayo utakwenda?"

"Nitakwenda."

"Nipitie basi. Nitakusindikiza."

Jumanne ile tulitembea bega kwa bega kando ya reli, tukizungumza mitihani yake ya hesabu. Tulipofika, sauti ya Wilmar ilisikika ndani. Yanina hakunibusu, wala hakusema la kunitia moyo. Alinikunjua kola ya shati upande uliokuwa umejikunja, akaipapasa ilale, kisha akageuka akaenda zake.