Nyumba Inayojua Umeingia

Kuna watu wakiona mlango umefungwa huupita wakaenda zao, na kuna Fundi Kufuli. Bwana huyu alikuwa akitengeneza vitasa na kuchonga funguo tangu ujana wake, katika kibanda kilichobanwa kati ya duka la viatu na kinyozi, na kazi ilikuwa imemwingia mwilini. Ukimkaribisha kwako, kabla hajakaa ameshajua kitasa cha chumba chako kinagoma upande gani. Si mwizi wala si mmbeya. Ni kwamba kitu kilichofungwa kilimwasha, na hakutulia mpaka akijue kilichomo.

Mtu wa namna hiyo, Mungu naye ana utani wake, alikuwa ameoa mwanamke asiyesema mambo yake. Mkewe alifanya kazi kwenye kituo cha simu za dharura. Ukianguka bafuni, ukiona moshi kwa jirani, ukipiga ile namba, anayepokea ni yeye. Anakuuliza uko wapi, anakutuliza, anakutumia gari, kisha anakata na kupokea simu nyingine. Alikuwa na sauti iliyoumbwa kwa kazi hiyo, ya chini, isiyopanda hata mambo yakiharibika. Akifika nyumbani, sauti hiyo aliipumzisha. Fundi alizungumza kwa niaba ya wote wawili, na ndoa ilikwenda hivyo mpaka watoto wakakua na kwenda kujitegemea, bila malalamiko kutoka upande wowote.

Kilichokuja kumsumbua Fundi ni gemu.

Siku moja mwanzoni mwa mwaka, mkewe alimpitia mdogo wake wa kiume, mwenye duka la kuuza na kutengeneza kompyuta, akamwambia amtafutie gemu ya kutisha. Shemeji alicheka mpaka akashika meza. Dada yake huyu, ambaye kwenye sinema hufunga macho mtu akijikata kidole tu! Akampa iliyokuwa ikiuzika zaidi dukani. Kesho yake ikarudi. Ilikuwa na mazombi, na dada akasema hataki kukimbizwa, mbio za kazini zinamtosha. Akapewa nyingine yenye damu kila ukuta, akasema damu haimtishi, inamfanya atafute tambara tu. Ya tatu alikaribia kuipenda, ila muziki wake ulikuwa ukimwambia lini aogope, na yeye hakutaka kuelekezwa. Hapo Shemeji akaona hili si suala la biashara tena. Akamvutia kiti, akamuuliza anataka nini hasa.

"Nataka nyumba," alisema, "inayojua kwamba nimeingia. Isinifanye kitu. Ijue tu."

Shemeji akaingia mtandaoni, kwenye vijiwe ambako watu wasiojuana hupeana gemu zisizotangazwa popote, zilizotengenezwa na mtu mmoja mmoja chumbani kwake. Alimletea meli tupu inayoelea kwenye ukungu. Alimletea hospitali iliyohamwa, shule wakati wa likizo, stesheni ambayo treni yake haifiki. Dada alizijaribu zote kwa makini na kila moja aliirudisha na maelezo. Meli ilikuwa nzuri sana, alisema, lakini haikujali kama yupo au hayupo. Mwisho Shemeji akaleta gemu moja ambayo hata jina lake lilimshinda kulitamka, na hiyo haikurudi tena.

Jumamosi mchana mke alivuta mapazia, akavaa vipokea sauti, akaingia. Fundi alisogeza kiti nyuma yake na bakuli la karanga. Alichokiona kwenye skrini ni nyumba ya ghorofa, ya kawaida kabisa, na mvua nje ya madirisha. Sebule, jiko, ukumbi mwembamba, ngazi za mbao. Hakuna mtu. Mkewe alizunguka polepole, akawasha taa, akaweka kiti chini ya ngazi, akaketi. Karanga zikafika nusu ya bakuli, bado ameketi.

Fundi aliuliza anafanya nini. Akajibiwa kwamba anasikiliza. Aliuliza anasikiliza nini, na hapo mkewe, kwa subira ya mtu aliyezoea watu wenye papara, akavua vipokea sauti akampachika sikio moja. Fundi akasikia mvua, akasikia saa ya ukutani. Akataka kusema kwamba hakuna kitu. Ndipo ubao wa sakafu ya juu ukalia mara moja, kama mtu amehamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu. Fundi akaacha kutafuna.

"Nani huyo?"

"Sijui. Namwita Mwenyeji."

"Utamjua lini?"

"Si lazima nimjue," mkewe alisema, akachukua sikio lake.

Yote hayo Fundi angeweza kuyavumilia. Lakini juu ya ngazi palikuwa na mlango uliofungwa, na ufunguo wake ulikuwa kwenye droo ya jikoni, juu ya vijiko, haukufichwa hata kidogo. Aliuona kwa macho yake kwenye skrini, mkewe alipochukua kijiko cha kukorogea chai. Akauliza kama ufunguo si huo. Mkewe akasema ndio huo. Sasa? Sasa nini? Mkewe akafunga droo.

Fundi alikereka. Wiki nzima alichonga funguo za watu huku akili iko kwenye droo ile. Na tuseme ukweli, halikuwa suala la ufunguo peke yake. Mwanamke aliyemuoa alikuwa akikaa saa na saa kwenye nyumba ya mtu asiyejulikana, ametega sikio, na uso wake pale ulikuwa na umakini ambao Fundi hakuukumbuka kuupata yeye kwa muda mrefu. Alikuwa anaionea wivu nyumba isiyokuwapo. Kulikuwa na nini mle ndani ambacho hakikuwa kwake? Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, akajiambia, na kwa mtu anayetafuta ruhusa, methali yoyote inatosha.

Siku mkewe alipokuwa zamu ya mchana, Fundi alifunga kibanda mapema, akarudi nyumbani, akavuta mapazia.

Mwanzo aligonga kuta kama nzi kwenye chupa, maana kipanya cha kompyuta kilikuwa chepesi kuliko patasi zake. Alipoweza kutembea, akaanza kuona kazi ya mkewe. Kila chumba kilikuwa na taa moja inayowaka. Kiti kilikuwa palepale chini ya ngazi. Kwenye vidato vya ngazi alikuwa amepanga vikombe vya chai, kimoja juu, kingine chini yake, kingine chini zaidi. Vya juu vilikuwa vitupu. Cha chini kabisa kilikuwa kimejaa. Fundi alivitazama, akaona ni mambo ya wanawake kupanga vyombo, akavipita. Ningekuwapo ningemshika shati.

Ufunguo uliingia na kuzunguka bila ubishi wowote. Ndani palikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri, kiti kilichoelekea dirishani, na juu ya kizingiti cha dirisha kikombe kinachofuka moshi. Dirisha lilikuwa wazi. Pazia lilipepea. Hakukuwa na mtu.

Kisha mvua ikakatika. Fundi alishuka ngazi na kukuta saa imesimama. Akaketi kwenye kiti cha mkewe, akatega sikio, na nyumba ilikuwa kimya namna ambayo hata yeye, mgeni, alijua kwamba sasa ilikuwa tupu kweli. Akajaribu kurudi nyuma, kuanzia pale alipoikuta. Haikuwezekana. Gemu ile ilijihifadhi yenyewe kila hatua, na haikuwa na kumbukumbu nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki.

Alimpigia Shemeji. Akamwambia kwamba mvua imekatika na saa imesimama.

"Umefungua, shemeji?" akauliza. "Dada alikuwa anamsubiri ashuke mwenyewe."

Akamweleza. Nyumba ile ukitulia, Mwenyeji husogea. Ukimfuata, huhama, na hilo ndilo huwapata karibu wote, kwa kuwa karibu wote hufungua mlango siku ya kwanza. Dada yake alikuwa amemtoa mtu chumbani bila ufunguo, akamteremsha kidato kwa kidato kwa chai, mpaka katikati ya ngazi. Kote mtandaoni Shemeji hakuwahi kusoma habari za mtu aliyefika hapo. Nini kingetokea chini ya ngazi hakuna aliyejua, naye alikuwa akingoja kwa hamu dada amsimulie. Aliposikia chumba kilivyokuwa, akahisi kwamba Mwenyeji alikuwa ametishika, akarudi juu, akatokea dirishani. Fundi alishukuru, akakata simu, akakaa na aibu yake.

Mkewe alipoingia jioni, Fundi alimwambia pale pale mlangoni, kabla hajavua viatu. Alisema yote, hata la wivu. Alitegemea kugombezwa na alikuwa tayari, tena angefurahi. Mkewe aliweka mkoba chini taratibu.

"Ulikuta nini?"

"Chumba kitupu. Kikombe kilikuwa bado cha moto."

"Kwa hiyo alikuwepo," mkewe alisema. Akaenda kuoga, na Fundi akayasikia maji yakimwagika kwa muda mrefu sana.

Baada ya hapo mkewe hakuigusa kompyuta. Shemeji alipiga simu kuahidi nyumba nyingine, akaambiwa asijisumbue. Fundi aliomba msamaha kila alipopata upenyo, akaambiwa si kitu, na kila alipoambiwa si kitu alizidi kujua kwamba ni kitu. Kimya cha mkewe alikuwa amekizoea. Hiki kilikuwa kingine, nacho kilimtisha kuliko ubao wowote.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fundi aliianzisha nyumba upya, kutoka mwanzo, akakusudia kuirudisha pale alipoiharibu. Kila jioni akitoka kibandani alivuta kiti, akavaa vipokea sauti, akawasha taa kwenye kila chumba, akaandaa chai, akaketi chini ya ngazi na kuikalia mikono yake mwenyewe isije ikamponza. Siku za mwanzo zilikuwa mateso. Alisikia njaa, alisikia goti, alikumbuka vichekesho vya kumsimulia mtu. Halafu masikio yakaanza kufunguka. Akajua mvua ya kwenye bati na mvua ya kwenye kioo. Akajua kwamba saa ile huchelewa kidogo kabla ya kugonga. Akaanza kuwa na hamu, si ya kufungua, ya kusikia tu kitakachofuata. Ubao wa juu ulipolia kwa mara ya kwanza, machozi yalimlengalenga, mtu mzima na upara wake, na kwa shida akajizuia kumwita mkewe.

Hakuwa na haja ya kumwita. Alihisi mtu amesimama nyuma yake, kwenye mlango wa jikoni, na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Zamani angegeuka na maneno kumi. Sasa alikuwa amefundishwa, akaendelea kutazama ngazi. Mtu yule akaondoka. Jioni iliyofuata akakaa kidogo zaidi. Nyingine akaja na kiti chake, akakiweka kando ya cha Fundi, akanyoosha mkono kuomba sikio moja.

Wakakaa. Kikombe cha juu kabisa kilikuwa kimeshakuwa kitupu, na hakuna kati yao aliyekiona kikinywewa. Mvua ilinyesha ndani ya sikio moja moja.

"Kuna mzee alinipigia," mkewe alisema. Macho yake yalikuwa kwenye skrini, na sauti ilikuwa ile ya kazini. "Mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa ameanguka. Alisema yuko juu, hawezi kushuka ngazi, na mlango wa chini ameufunga."

Alikuwa amemtumia gari. Utaratibu ulikuwa akate, apokee wengine, lakini mzee alimwomba asikate, na siku hiyo hakukata. Mzee hakuwa na la kusema zaidi. Kwa hiyo alisikiliza mvua ya kwake, na saa yake ya ukutani, na pumzi zake, kisha pumzi zikawa ndogo hata asiweze kuzitofautisha na mvua. Halafu akasikia mlango ukivunjwa, viatu vikipanda ngazi, na mtu akaichukua simu na kuikata. Walimkuta vipi, hajui. Wapokeaji simu huwa hawaambiwi.

"Nilikuwa naitafuta nyumba ile," akasema. "Nilitaka nimsikie akishuka."

Fundi alikuwa na maswali ya kujaza kibanda. Mtaa gani, jina gani, mlango wa aina gani, maana pengine aliyeitwa kutengeneza kitasa kilichovunjwa ni fundi anayemfahamu, na kesho angeweza kwenda kuuliza. Yote yalimpanda mpaka kooni. Kwenye skrini ubao ulilia, safari hii karibu zaidi, na wala hawakuutazama. Aliacha mikono ilipokuwa.

"Sauti yake ilifanana na ya baba yangu," mkewe akasema, na Fundi akatulia, akangoja yaliyobaki yashuke yenyewe.