Sifuri za Shimo Namba Tisa

Barua ilibandikwa mlangoni Jumatatu asubuhi, na gundi ilikuwa bado mbichi nilipoibandua. Ilisema masanduku yote ya mawe ya zamani yamwagwe kwenye shimo la taka nyuma ya ghala kabla ya saa sita mchana Ijumaa, kwa kuwa kampuni inataka nafasi ya kuegesha mitambo. Masanduku elfu nne na mia mbili! Nimeyatunza miaka kumi na tisa. Nimeyapangusa vumbi, nimepigana na mchwa, nimebadilisha mbao zilizooza, halafu mtu aliyeingia kazini juzi ananiletea karatasi ya mistari mitatu. Niliikunja nikaitia mfukoni. Nilikuwa peke yangu, lakini nilisema kwa sauti, "Ng'o!"

Wenzangu wananiita Mama Masanduku. Wanadhani ni utani, nami nawaacha wadhani hivyo. Nyuma ya ghala kuna kilima chenye kutu nyekundu kichwani na madoa ya kijani ubavuni, na kilima hicho kimeshapita mikononi mwa kampuni tatu. Ya kwanza ilikuja na uchu wa dhahabu. Iliona mishipa ya jiwe jeupe imejitokeza juu, ikachimba mifereji, ikapata punje mbili tatu, ikaondoka. Ya pili ilileta mtambo wa kuchoronga, ule unaozungusha bomba lenye meno ya almasi mpaka chini kabisa na kutoa mawe ya mviringo, manene kama mpini wa jembe. Ilichoronga mashimo kumi na manne. Mjiolojia wake mkuu alikuwa kaka yangu, mtoto wa mama yangu, tumbo moja.

Kaka alikuwa na neno lake. Alisema mishipa myeupe ni paa tu, nyumba yenyewe iko chini. Zamani sana mwamba ulioyeyuka ulipanda kutoka chini ukakwama njiani, na maji ya moto yaliyotoka humo yakapenya kila ufa. Yalipopoa yaliacha mzigo wake: dhahabu kidogo juu, shaba na dhahabu pamoja huko chini, zimetawanyika ndani ya jiwe la kijivu ambalo mtu mwenye haraka haligeukii mara mbili. Wakubwa wake walikuwa watu wenye haraka.

Sasa ipo desturi moja ya kazi hii ambayo ni lazima uijue. Jiwe likitoka ardhini hupasuliwa katikati kwa msumeno wa maji. Nusu inakwenda maabara, nusu inabaki sandukuni iwe shahidi. Kwa hiyo jiwe ambalo bado ni zima halijapimwa, hata malaika aje aape. Kampuni ya pili ilipasua sehemu nyeupe tu. Mengine walisema watayapasua mwaka unaofuata, na kabla mwaka huo haujafika wakafunga virago. Ya tatu ilinunua karatasi zao, ikaingiza kila kitu kwenye kompyuta, ikatazama jedwali, ikaona hakuna kitu. Hiyo haikuchoronga hata shimo moja.

Hawa wa sasa ni wa nne. Meneja wao naye ni mjiolojia, ila siku hizi mkono wake umezoea kalamu kuliko nyundo. Jumanne aliniambia, "Mama, kama kuna sanduku lenye namba nzuri kwenye jedwali, liweke pembeni. Yenye sifuri yote yamwage."

Nikachukua jedwali nikaingia kati ya rafu. Nilitaka kuokoa ninachoweza, basi. Nilipofika shimo namba tisa, jedwali lilionyesha sifuri kuanzia mita mia moja na kumi na mbili hadi mia mbili na sitini. Mita mia moja arobaini na nane, kila mita na sifuri yake. Nikavuta sanduku. Mawe yalikuwa mazima. Nikavuta la pili, la tatu, la kumi. Yote mazima, hayajaguswa na msumeno. Nikajiuliza, hii sifuri imetoka maabara gani?

Kwenye kabati la chuma zilikuwepo karatasi za mwanzo. Nikaitafuta ya shimo namba tisa, yenye mwandiko wa kaka, mwembamba na ulionyooka. Kwenye safu ya majibu, kwa mita zote hizo hakuandika sifuri. Aliandika kistari. Haijapimwa.

Nikakaa chini sakafuni, maana nilikumbuka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani mpya wa ghala la kampuni ya tatu. Kompyuta ilikataa vistari, ilitaka namba. Msimamizi alikuwa na safari, akanihimiza nimalize. Nikaandika sifuri. Nikaandika nyingine, na nyingine, mpaka kidole kikazoea. Kazi ilipoisha walinisifu kwa wepesi, na mimi nikafurahi kama mjinga.

Na jedwali hilo ndilo walilomwekea kaka mezani alipokwenda kuwaomba watu wa kampuni ya tatu wachoronge zaidi. "Mzee, maabara imesema sifuri, wewe unatuambia shaba?" Alirudi nyumbani siku hiyo hakula. Hakuuliza sifuri zimetoka wapi; kampuni ilikuwa imebadilika, akaamini wenzake walipasua na kupima baada ya yeye kuondoka. Aliacha jiolojia, akafungua kibanda cha kutengeneza pampu za maji. Kila akiulizwa kuhusu kilima hujibu, "Macho yangu yalinidanganya." Miaka kumi na tisa mtu anayatukana macho yake kwa sababu ya kidole changu!

Ningeweza kunyamaza. Ijumaa ingefika, tingatinga lingesukuma, ushahidi ungekwenda na taka, nami ningestaafu na cheti. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nimeficha bila hata kujua. Sasa nimejua.

Alhamisi nikaweka karatasi mbili mezani kwa meneja, ya kaka na ya kompyuta.

"Vistari hivi ni haijapimwa," nikasema. "Sifuri hizi ni mimi."

Alizitazama zote mbili. "Mama, unajua unachokisema? Hili ni kosa la kufukuzwa kazi."

"Nifukuze Jumatatu. Kesho usimwage."

"Mitambo inafika kesho. Siwezi kusimamisha kazi kwa vistari vya zamani." Akanirudishia karatasi. "Nimekusaidia: sijasikia kitu."

"Umesikia, meneja. Sijanong'ona."

Ijumaa nilifika alfajiri, nikafunga lango kubwa kwa kufuli yangu mwenyewe, niliyoinunua dukani. Nikafungulia maji, nikawasha msumeno, nikaanza na mita mia moja na kumi na mbili. Kila kipande kilichopasuka nilikiegemeza dirishani kwenye jua. Saa tatu nikasikia tingatinga linanguruma nje, kisha dereva wake akagonga.

"Mama Masanduku, fungua! Nimeambiwa nimwage!"

"Kamwambie aliyekuambia aje amwage mwenyewe!"

"Mimi nina familia, mama!"

"Na mimi nina kaka!"

Dereva akazima injini akaenda kunywa chai. Mtu wa maana yule.

Meneja akaja kupitia mlango mdogo wa ofisi, uso umemwiva. Akaanza kunihubiria: utovu wa nidhamu, mali ya kampuni, umri wangu. Mimi sikuzima msumeno, kwa hiyo ilibidi apige kelele, na mtu mzima akipiga kelele huanza kutembeatembea. Akafika dirishani. Mkono wake ukaokota nusu jiwe bila kumuuliza. Mjiolojia akishika jiwe kavu hulilamba, ili rangi zijitokeze. Ni tabia wanayoipata chuoni na haiwatoki hata ukiwavalisha tai. Alikuwa katikati ya neno "sheria" alipolilamba.

Akaligeuza jiwe kuelekea mwanga.

Nikazima msumeno. Akatoa lenzi mfukoni, kumbe bado anatembea nayo, akaisogeza jichoni. Ndani ya ule ukijivu kulikuwa na vidoadoa vya manjano, na pembeni yake vya zambarau, rangi za madini ya shaba, vimemwagika kila mahali. Akaokota jiwe la pili akalilamba. La tano. Ulimi wake ukawa na matope.

"Hii ni mita ngapi?" akauliza, sauti imeshuka.

"Mia moja na thelathini. Endelea kulamba, bado mia moja na thelathini nyingine."

Akatoka nje akamwambia dereva aegeshe tingatinga mahali pengine. Mimi akaniandikia barua ya onyo siku hiyohiyo, ya mwisho. Niliitia sahihi. Nilistahili.

Jioni hiyo sikusubiri majibu ya maabara. Ningeyasubiri, ningekuwa naomba radhi huku nimeshika zawadi, na huo ungekuwa ujanja. Nilimkuta kaka kibandani ameifungua pampu, nati zimejaa kwenye sahani. Nikamweleza yote nimesimama: vistari, kompyuta, kidole changu.

Hakuinua kichwa. "Maabara haisemi uongo, mdogo wangu," akasema.

"Maabara haikusema chochote, kaka. Haikuulizwa."

Akaendelea kufunga nati. Aliifunga mpaka ikalia. "Majibu yakija tutaongea," akasema, na mimi nikaona kwamba hathubutu kutumaini. Hilo liliniuma kuliko kama angenizaba kofi.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Karibu asilimia moja ya shaba, na dhahabu zaidi ya nusu gramu kwa kila tani, kwa mita zote mia moja arobaini na nane bila kukatika. Ofisini watu walipiga makofi. Meneja akaandika ripoti, na kwenye sehemu ya historia ya kilima akaweka: "Sampuli hizi hazikupimwa awali kwa sababu zisizojulikana." Akanipa nitie sahihi kama mtunza ghala.

"Sababu zinajulikana," nikasema.

"Mama, nakulinda. Wakubwa wakisoma watauliza kwa nini bado uko hapa."

"Waulize. Andika kwamba mjiolojia wa kampuni ya pili aliona sawasawa na aliandika sawasawa. Andika kwamba karani wa kampuni ya tatu aliweka sifuri pasipo na jibu. Weka jina la kaka yangu na langu. Bila hivyo kalamu siishiki, na bila sahihi ya ghala ripoti yako haiendi kokote. Unalijua hilo."

Akavuta kibodi, akafuta mstari wake, akaandika kama nilivyosema, neno kwa neno, nimesimama nyuma yake. Nikatia sahihi. Nikatoa nakala nikaenda nayo kibandani.

Kaka alipangusa mikono kwa tambara, akavaa miwani, akasoma. Akarudia tena, kidole kikifuata mstari. Kwenye jina lake kidole kilisimama. Kisha kikaenda kwenye langu. Macho yake, yale aliyoyatukana miaka yote, yakanitazama moja kwa moja.

"Wanataka uende Jumatatu ukawaonyeshe pa kuchoronga," nikamwambia.

"Jumatatu nitakwenda," akasema. Sauti ilikuwa inapanda. "Nitawaonyesha shimo la kwanza na la pili na la kumi. Lakini leo, mdogo wangu, leo niache nikukasirikie! Sikuwahi kujua nimkasirikie nani!"

Nikavuta stuli nikakaa. Alianza kupiga kelele mpaka majirani wakatoka nje, nami nilimsikiliza neno kwa neno, sikujitetea, mpaka akamaliza.