Supu ya Kuonja

Katika ukoo wao hakuna ukumbi uliowahi kukodiwa kabla Shangazi hajaonja chakula chake. Iwe harusi, iwe mahafali, iwe sherehe ya mtu kustaafu, lazima kwanza Shangazi akae, achote kijiko kimoja, afumbe macho, kisha akilaze kijiko mezani. Kikilala chali, mazungumzo yanaendelea. Kikilala kifudifudi, mnabeba mikoba yenu mnaondoka, na mpishi anabaki na maneno ya kumtosha mwaka mzima. Watu walimwita Kipimo, na jina hilo alilivaa kuliko hata hereni zake.

Na mdomo wake, jamani. Kuna mpishi alimwambia mbele ya wasaidizi wake kwamba mchuzi ule angeupeleka kwa fundi viatu, ungefaa zaidi huko. Mwingine alimuuliza kama mama yake bado yu hai. Mwanamume wa watu akajibu kwa heshima kwamba alishafariki, naye akasema, "Afadhali. Angeonja hiki angekufa mara ya pili." Walioandamana naye walicheka mpaka wakashika mbavu. Kumcheka mpishi ilikuwa sehemu ya raha ya harusi zao, na hakuna aliyewahi kujiuliza yule mpishi usiku ule alilalaje.

Sasa sikiliza. Mwanamke huyu, kipimo cha ukoo mzima, alikuwa hasikii ladha ya kitu chochote. Ilianza na ile homa iliyomlaza mwaka uliopita. Homa ilipomwacha aliletewa chai, akanywa, akadhani wamemletea maji ya moto. Akatia sukari, akaongeza, akaongeza tena, wapi. Nyama ikawa kama kutafuna kitambaa. Akasubiri wiki, akasubiri miezi. Daktari akamwambia labda itarudi, labda haitarudi, huku macho yake yako mlangoni kuangalia nani anafuata kwenye foleni.

Hakumwambia mtu. Ungekuwa wewe ungesema? Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto wa kumzaa, shule aliiachia njiani. Alichokuwa nacho ni ulimi, na ulimi huo ndio uliomkalisha kiti cha mbele kila palipokuwa na shughuli. Bila huo ni mama mmoja wa makamo anayekaa nyuma karibu na spika na kupigiwa kelele masikioni.

Basi akajifunza kuonja kwa kutazama nyuso za watu, na uso aliouamini kuliko zote ni wa mpwa wake, binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu hajui kujifunga kamba za viatu. Uso wa binti yule ulikuwa haufichi kitu. Chakula kikiwa kitamu, mabega yanashuka. Kikiwa kibaya, anatafuna upande mmoja tu, polepole, kama anayeogopa kukutana na mfupa. Shangazi alimpa kijiko cha kwanza kila mara, eti kwa mapenzi, akamtazama, kisha akatoa hukumu. Mwaka mzima hakukosea.

Alikosea mara moja tu, nyumbani kwake mwenyewe, wakwe watarajiwa walipokuja kula. Binti alipika peke yake siku nzima ili aonekane. Shangazi akamwona mama wa bwana harusi amekunja uso, akadaka hapo hapo: "Mwanangu, wali umeuunguza. Moshi umeingia mpaka kwenye punje." Wali haukuwa umeungua. Mama wa watu alikuwa na jino bovu, na jino ndilo lililomkunja uso. Binti akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo watu walikuwa bado wanavilia.

Wageni walipoondoka alimuuliza taratibu, "Shangazi, siku hizi unaisikia ladha sawasawa?"

"Wewe ndiye huna ulimi," Shangazi akamjibu. "Hilo umelitoa kwa mama yako. Naye alikuwa hajui kuweka maji jikoni."

Binti alimuuliza tena siku nyingine, akapewa jibu lile lile na nyongeza. Baada ya hapo hakuuliza tena, na Shangazi akajua yamekwisha.

Ikafika siku ya kwenda kuonja chakula cha harusi. Familia mbili zilikuwa zimekubaliana kwamba upande wa bibi harusi utachagua ukumbi na chakula, maana upande wa pili umeshachukua mengine yote. Na atakayechagua chakula ndiye atakayesimamia jiko siku yenyewe, kisha ndiye atakayekaa kwenye kiti cha mama, pale mezani mbele, pembeni ya bibi harusi. Shangazi kiti kile alikuwa amekingoja tangu binti akiwa na meno ya utotoni. Nguo ilishashonwa. Mama wa bwana harusi naye alikuwa na mdogo wake anayejua kupika na kusimamia watu, na alishamtaja mara kadhaa, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa.

Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vya plastiki vimepandana ukutani, riboni za sherehe iliyopita bado zinaning'inia kwenye nguzo. Meneja, kijana nadhifu mwenye shada la funguo kiunoni, alikuwa ameandaa meza moja katikati, kitambaa cheupe kikiwa bado na mikunjo ya pasi. Wakaketi watatu: Shangazi, mpwa wake, na mama wa bwana harusi. Meneja alisimama. Watu waliokuwa wanasubiri hukumu ya Shangazi walikuwa hawakai.

Vitu vya kwanza vilipita salama. Wali, mabega ya binti yakashuka, kijiko chali. Kuku, kijiko chali. Shangazi akachangamka, akamwambia meneja kwamba leo ana bahati, kuna ukumbi wiki iliyopita alimwacha mpishi wake analia nyuma ya mapipa. Meneja akacheka kwa adabu. Mama wa bwana harusi hakucheka, alikuwa anapanga leso yake kwenye mapaja.

Ikaja supu. Shangazi akampa mpwa wake kijiko cha kwanza. Binti akanywa. Mabega yakashuka kabisa, mpaka akapumua. Shangazi naye akachota, akafumba macho kwa muda wake uleule, akakilaza kijiko chali.

"Supu hii imetulia," akasema. "Huyu anajua kazi."

Mama wa bwana harusi alikuwa ameshika leso mdomoni. Akakohoa. "Dada, umeonja au umegusa tu?"

"Nimeonja."

"Na chumvi yote hii?" Akasukuma bakuli lake mbele. "Samahani, mimi siwezi. Mwanangu, hebu rudia wewe."

Binti akarudia. Safari hii alitafuna upande mmoja, ijapokuwa supu haina cha kutafuna. "Kweli mama," akasema huku anatazama kitambaa cha meza. "Chumvi imezidi."

Amemwita mama. Shangazi aliyemlea, aliyemfunga kamba za viatu, hakuwahi kuitwa mama hata kwa bahati mbaya. Lakini hapo hapakuwa na nafasi ya kuumia. Angeweza kushikilia lake, akasema mimi ndiye Kipimo, supu iko sawa, na angekuwa salama. Lakini aliuamini uso wa binti yule kuliko kinywa chake mwenyewe. Akachukua kijiko, akakigeuza kifudifudi.

"Nilikuwa nawangoja," akasema, na akatabasamu. "Nilitaka nione kama na nyinyi mna ndimi. Chumvi hii niliijua kabla bakuli halijatua. Meneja, niitie mpishi."

Mpishi akaja anajifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa mwanamke wa rika lake, mikono yote ina alama za kuungua kuanzia kiganjani mpaka kiwikoni. Akasalimia. Shangazi hakuitikia.

"Wewe umepika hii?"

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa unapikia watu au unakausha samaki?"

Mpishi akaomba kijiko, akaonja, akaonja tena. "Mama, mimi naisikia chumvi yake iko sawa."

"Unaisikia na nini? Ulimi nao umeungua kama hiyo mikono?" Shangazi sasa alikuwa amerudi nyumbani, maneno yanakuja yenyewe, na hofu yote ilikuwa imepata pa kutokea. "Una watoto? Wanakula vya kwako? Basi nenda ukawaombe radhi. Mtu mzima na mvi zako unamwaga chumvi kama unayeziba shimo la barabara. Meneja, kwangu mimi mtu huyu angevua aproni hapa hapa, leo, mbele ya wateja, ili wajue mna aibu."

Meneja alichota supu kidogo, akaonja, akakunja paji la uso kwa kutoelewa, lakini mteja ni mteja. "Vua, tutaongea ofisini," akamwambia kwa sauti ya chini. Mpishi akapeleka mikono nyuma ya kiuno na kuanza kutafuta fundo la kamba, na vidole havikuwa vinaliona.

"Usivue, mama," binti akasema. "Supu iko sawa. Haina chumvi ya kuzidi wala ya kupungua. Ni tamu sana."

Shangazi alimgeukia mpwa wake, akataka kucheka, kicheko kikakataa kutoka.

"Mimi na mama huyu tulitaka kuona utafika wapi," binti akaendelea. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nilidhani utasema hujui. Jana usiku nilikuombea useme hujui, tungecheka tu yakaisha. Wali wangu haukuungua, Shangazi."

"Mwanangu, mimi..."

"Mama yangu alikuwa anajua kupika. Nimewauliza watu."

Mama wa bwana harusi alikuwa ameikunjua leso yake na sasa anajifuta pembe za mdomo taratibu, mtu aliyeshiba. "Mwaka mzima," akasema, "wapishi wa watu wanalizwa na mtu ambaye ukimpa majani anatafuna." Akavuta vibakuli viwili vidogo vilivyokuwa katikati ya meza, kimoja cha chumvi, kingine cha sukari nyeupe laini. Akavizungusha kwa kidole, akavisukuma mbele ya Shangazi. "Labda tunakuonea. Hebu tuambie, dada. Chumvi ni ipi?"

Shangazi alimtafuta mpwa wake usoni. Binti alikuwa amegeukia dirishani na anaonyesha kisogo. Meneja alikuwa anatazama funguo zake. Mpishi yeye hakutazama pembeni, alisimama pale pale na kamba zake nusu zimefunguliwa, anangoja kama wengine.

Angeweza kuinuka na kuondoka. Hakuinuka. Akadumbukiza kidole kwenye kibakuli cha kwanza, akalamba. Akadumbukiza kwenye cha pili, akalamba. Vilikuwa mchanga na mchanga. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na akafikiri kwamba hilo nalo lina chumvi, na hilo pia halisikii.

"Hiki," akasema.

Hakuna aliyemwambia kama amepata au amekosa. Mama wa bwana harusi alivirudisha vibakuli katikati ya meza, akampigia simu mdogo wake, akamwambia aanze kutafuta wasaidizi wa jiko. Mpishi akafunga kamba zake, akabeba bakuli la supu, akarudi jikoni. Muda si mrefu kicheko kilisikika kule ndani, cha watu wengi, na meneja akaenda kufunga mlango.

"Kiti cha mbele," Shangazi akasema. Hakukusudia kusema, maneno yalimtoka tu. "Nguo nimeshashona."

"Utaivaa," binti akamjibu. "Utakaa na wageni wengine, Shangazi. Utapumzika. Hutakuwa na kazi yoyote."

Hawakumfukuza. Waliendelea kuonja, samaki, mboga, keki, wawili wale vichwa vimekaribiana, wanaulizana, wanacheka kidogo, binti anasema hii, mama, ni nzuri kuliko ile. Mhudumu alikuwa anazunguka na sahani, na kila alipofika upande wa Shangazi alisita, hajui amwekee au ampite.

"Ya nini kumwekea?" mama wa bwana harusi akasema. "Ni kuharibu chakula cha watu."

Binti akainua macho na kumtazama Shangazi, kwa mara ya kwanza tangu ile supu. Mtu angedhani ataona huruma pale, na kweli ilikuwepo, lakini ilikuwa huruma ya kuuonea mzigo uliosahaulika stendi.

"Mwekee," akamwambia mhudumu. "Hajala tangu asubuhi. Mpe chochote kilichobaki, kwake yote ni sawa."

Mhudumu akakusanya mabaki ya sahani za mwanzo, wali uliopoa, ngozi ya kuku, kipande cha keki kilichomegwa pembe, akavichanganya kwenye sahani moja na kumsogezea. Shangazi akasema asante.