Gramu Kumi na Mbili

Mimi ni fundi mizani. Ukinunua kilo ya sukari ukapata kilo kweli, si robo tatu na maneno matamu, huenda mkono wangu umepita hapo. Nina sanduku la mawe ya shaba ya kupimia, na muhuri mdogo wa chuma wenye nukta tatu, ambao naugonga kwenye kila jiwe nililolikagua. Wauza duka wananiogopa kidogo. Sijali, ningependa wazidishe.

Kazi yangu ya pili haina mshahara. Natengeneza boti za mashindano, zile ndogo za kuendeshwa kwa rimoti, urefu wake kama mkono wangu kutoka kwapani hadi ncha za vidole. Wasiojua husema ni michezo ya watoto. Waingie basi kwenye chumba changu cha nyuma, wamkute mzee wa miaka hamsini na minne ameshika msasa, anakwangua ubao ili apunguze nusu gramu.

Maana uzito ndio kazi yenyewe. Sheria ya klabu yetu inasema boti iliyokamilika, pamoja na betri yake, isipungue gramu mia nane. Fundi mjanja huijenga iwe nyepesi kuliko hapo, halafu kile kinachopungua anakijaza kwa vipande vya risasi, ile ya madini, akivibandika chini pale anapopataka mwenyewe ili boti itulie kwenye kona. Vipande vyangu nakata mwenyewe. Naandika uzito kwa ncha ya msumari, nagonga nukta tatu, ndipo nabandika. Mke wangu husema siku moja nitamgongea na yeye.

Boti natengeneza mimi, lakini anayeendesha ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Klabuni wanamwita Kidole, kwa jinsi kidole gumba chake kinavyocheza na rimoti. Mimi nikishika rimoti boti inakwenda kama mlevi anayetafuta kwao. Kwa hiyo tuligawana kazi: mikono yangu, kidole chake. Miaka tisa. Amekula mezani kwangu kila Jumamosi ya mashindano, na nilimfundisha kila ninachokijua, hadi jinsi vanishi inavyopungua uzito ikikauka. Hilo la vanishi ulikumbuke.

Kuna mambo mawili kwenye kitabu cha sheria ambayo niliyapendekeza mimi. La kwanza: boti ikipanda mizani asubuhi ikakutwa pungufu, imetoka kwa siku hiyo, hakuna kuongeza. Zamani watu walikuwa wanafika na boti pungufu, halafu wanaanza kujaza sarafu na ubani wa kutafuna mbele ya foleni. Nilichoka. La pili: mwendeshaji ambaye boti yake imetolewa anaruhusiwa kuendesha boti ya mtu mwingine, ila akiwa na boti yake haruhusiwi. Hilo la pili nililiomba kwa ajili ya shemeji. Nilisema, fundi akikosea, kwa nini mwendeshaji arudi nyumbani mikono mitupu?

Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa ya fainali. Boti yangu ilikuwa mpya, nyekundu, nimeipaka vanishi ya mwisho siku ya Jumatano ya wiki iliyotangulia. Ijumaa yake niliipima: gramu mia nane na tatu. Tatu hizo za juu ni za usingizi wangu. Nikaziba mfuniko kwa utepe wa buluu, nikaiweka kabatini, na sikuipima tena. Ndiyo majivuno yangu hayo, na klabu nzima inayajua: fundi mizani hapimi mara mbili.

Asubuhi shemeji akaja na gari lake, akanywa chai, akamtania dada yake kuhusu mkate ulioungua. Nilimkabidhi boti aitie kwenye sanduku lake, nikarudi ndani kuchukua mizani ya klabu, ambayo hukaa kwangu, na mawe yangu ya shaba. Sikuona miwani yangu haraka. Nilipotoka, sanduku lilikuwa tayari limefungwa kamba. Siku zote kamba nafunga mimi, kwa sababu mafundo yake yeye ni ya aibu.

"Leo umekuwa mfungaji," nikamwambia.

"Nimekuona unazeeka, shem," akasema, tukacheka wote.

Mashindano hufanyika kwenye bwawa la kiwanda cha zamani cha matofali. Mizani inawekwa kibandani, juu ya meza iliyonyooshwa kwa vipande vya kadibodi. Wengine wote nawapima mimi, ila boti yangu hupimwa na Mama Katibu, mwalimu mstaafu, sauti kama kengele. Na boti yangu hutangulia, ili watu waone hata mwenye mizani anapanda mizani.

Mama Katibu akaiweka. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mia saba tisini na moja," akasema.

"Soma vizuri, mama."

"Nimesoma darasani miaka thelathini, baba. Mia saba tisini na moja."

Nikaweka jiwe langu la kilo kwenye mizani. Ikasoma kilo, bila nyongeza wala upungufu. Nikairudisha boti. Mia saba tisini na moja. Mizani haikuwa na kosa, na mimi ndiye niliyeikagua.

Nyuma yangu mtu akacheka puani. Mwingine akasema kwa sauti ambayo hakukusudia nisisikie, "Fundi mizani kakamatwa na mizani!" Wakaangua kicheko. Uso ulinishuka. Kwa mwingine ni boti tu imetolewa, kesho maisha yanaendelea. Kwangu mimi, ambaye nimewafungia watu maduka kwa gramu ishirini, lile lilikuwa jina langu lote limewekwa mezani likakutwa pungufu. Jumatatu ningekwenda kumkagua muuza unga, naye angeniuliza habari za bwawani.

Shemeji akanishika bega. Akainama sikioni mwangu, kwa upole kabisa.

"Itakuwa ni vanishi, shem. Uliipima mapema, ilikuwa haijakauka vizuri. Si wewe mwenyewe ulinifundisha?"

Nikamwamini. Aibu ilikuwa imenila hesabu zote kichwani. Nikaitikia kama mtoto aliyeambiwa kosa lake.

"Nipe niifungie garini," akasema, "watu wasizidi kuichungulia."

Nikampa. Nikamwachia Mama Katibu mizani na mawe, kwa kuwa sikujiona nina uso wa kumpima mtu siku ile. Nilipokuwa natoka, Daktari wa Meno alikuwa anaingia na boti yake, ile nyeupe ya kununua, ambayo kila kitu chake kimetengenezwa kiwandani. Akanipa pole. Akasema naye ana balaa, mwendeshaji wake amesafiri, na hivi sasa kwa kuwa Kidole yuko huru, je, nitaona vibaya?

Nikamtazama shemeji. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nenda," nikamwambia. "Kwa nini urudi mikono mitupu?"

Nilitoa baraka kwa mdomo wangu mwenyewe. Hilo ndilo linalonikera hadi leo kuliko mengine yote.

Nikakaa kwenye rundo la matofali mabovu, mbali na watu. Mbio zikaanza. Boti ya Daktari ikatoka mbele tangu mzunguko wa kwanza, na kidole kile nilikitambua kwenye kila kona. Nikatoa daftari langu mfukoni nijiumize vizuri. Kila kitu cha boti kimo humo: ubao, gundi, mota, usukani, rangi. Nikafika kwenye mstari wa vanishi. Koti la mwisho, likiwa bichi, kwa jumla: gramu nane.

Nikausoma tena. Gramu nane bichi. Hata vanishi yote ingeyeyuka ikaenda mbinguni, boti isingepungua zaidi ya nane. Mimi nilikuwa nimepungukiwa kumi na mbili.

Nikasimama niende nikaifungue boti. Gari lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa shemeji, na shemeji alikuwa amesimama ukingoni na rimoti, watu wanamshangilia. Akashinda. Alishinda kwa urefu wa boti tatu.

Sheria inataka boti ya mshindi ipimwe tena baada ya mbio, mfuniko wazi, maji yamefutwa. Mama Katibu akaniita. Alisema washindi wa pili wananung'unika kuhusu usomaji wake, na mizani ni yangu, nije niwanyamazishe. Nikapiga moyo konde, nikaenda.

Daktari akautoa mfuniko. Nikachukua kitambaa nikafuta maji ndani, pole pole, kama ninavyofanya kwa boti ya kila mtu. Kitambaa kikagota kwenye kitu kigumu chini ya betri. Nikasogeza waya.

Kilikuwa kipande cha risasi, bapa, kilichokatwa kwa msumeno mwembamba. Juu yake kuna namba kumi na mbili, kwa mwandiko wa msumari. Chini ya namba kuna nukta tatu.

Nilihisi kama nimekanyaga ngazi ambayo haipo. Nikainua uso. Shemeji alikuwa upande wa pili wa meza, na rimoti bado mkononi, na tabasamu lake lilikuwa limekauka.

"Hiki umekitoa wapi?" nikamwuliza Daktari.

"Kile? Kidole alinipa asubuhi," akasema Daktari, mtu wa watu, hana habari. "Yangu ilikuwa pungufu kidogo nyumbani. Akasema usihangaike, nitakuletea kipande. Tulishaongea tangu wiki iliyopita kwamba ikitokea yuko huru ataniendeshea."

Ikitokea yuko huru. Na angekuwaje huru, isipokuwa boti yangu itolewe? Nikaona yote kwa mara moja: kamba iliyofungwa, utepe wa buluu uliobanduliwa na kubandikwa upya, na mdomo sikioni mwangu ukinitajia vanishi. Hakuniibia risasi peke yake. Alichukua elimu niliyompa akaitumia kunifunga macho, nami nikamshukuru. Alichotaka ni kuendesha boti nyingine. Angesema tu! Ningenuna siku mbili, dada yake angetupatanisha kwa chai. Badala yake alinivua nguo mbele ya watu, kisha akanifunika bega kwa mkono wake.

Vidole vyangu vilikuwa vimekishika kile kipande. Kuking'oa ilikuwa kazi ya kucha moja. Boti ingesoma mia saba themanini na tisa, ushindi ungekufa pale pale, na hakuna ambaye angekataa kwamba ni mali yangu. Shemeji alijua. Alitikisa kichwa kidogo sana, kunisihi.

Nikakiachia. Nikaiweka boti juu ya mizani.

"Mia nane na moja," nikasema. "Imepita."

Watu wakashangilia. Shemeji akashusha pumzi, hata akanikonyeza, kana kwamba tumefichiana siri ya kifamilia. Mizani haina shemeji, na mimi ndiye mwenye mizani. Nikavuta kitabu cha klabu, nikaandika uzito wa mshindi kwa wino, mwandiko mzuri, nikampa Mama Katibu.

Kwetu, kabla ya kikombe kutolewa, katibu husoma kitabu chote kwa sauti: boti, mwendeshaji, uzito. Ni utaratibu unaochosha na watu huwa wanapiga soga. Siku ile nao walikuwa wanapiga soga, hadi Mama Katibu alipofika mwisho.

"Boti ya Daktari wa Meno. Mwendeshaji, Kidole. Uzito baada ya mbio, gramu mia nane na moja." Akasita. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akasoma kwa sauti ileile ya darasani, kwa sababu kilichoandikwa husomwa. "Kati ya hizo, kumi na mbili zilitolewa asubuhi kwenye boti ya fundi mizani, ambayo ilisoma mia saba tisini na moja."

Niliona watu wakijumlisha. Mia saba tisini na moja, na kumi na mbili. Yule aliyecheka puani asubuhi aliijumlisha kwa midomo, akafika mia nane na tatu, akanitazama, akaangalia pembeni. Daktari aliinama ndani ya boti yake, akasoma nukta tatu, akakikataa kikombe kabla hajaambiwa lolote.

Shemeji akanifuata mbio hadi kwenye gari.

"Shem, ungeniambia pembeni! Mbele ya watu wote?"

"Fungua gari," nikasema.

"Niliogopa utakasirika. Nilikuwa nataka mara moja tu kuendesha kitu cha…"

"Fungua gari."

Akafungua. Nikatoa boti yangu kwenye sanduku lake, nikaikumbatia kwapani, mizani na mawe mkono wa pili.

"Nikupeleke basi, shem. Ni mbali, na mzigo mzito."

"Uzito wake naujua," nikamwambia.

Nilitembea saa nzima, mawe ya shaba yakinikata vidole. Nilipofika, mke wangu alikuwa ameandaa meza, sahani tatu kama kila Jumamosi ya mashindano. Aliona nimefika peke yangu, kwa miguu, na vumbi hadi magotini.

"Mmeshindwa?" akauliza. "Mdogo wangu yuko wapi?"

Anayemwuliza ni damu yake. Nikaiweka boti mezani, nikaunyanyua utepe wa buluu, nikamwonyesha chini ya betri, pale palipobaki alama ya gundi, kipande kimebanduliwa. Miaka tisa ananisikia nikihesabu gramu, hakuhitaji maelezo mengi. Akaichukua sahani ya tatu akairudisha kabatini.