Upepo Usio na Adabu

Usiku wa jana Hemedi Chilumba aliota hana mdomo. Haukuibiwa wala haukudondoka. Aliuazimisha mwenyewe, kwa ridhaa yake, na akashukuriwa kwa ushirikiano.

Kabla hatujaingia ndotoni inafaa umjue mtu huyu, maana ndoto ya mtu usiyemjua ni kelele tu. Hemedi ndiye mwandishi wa mchezo wa runinga unaorushwa kila Jumapili jioni, ule wa Luteni Pendo anayelinda mto. Wanajeshi waliomo ni waigizaji. Lakini magari ni ya kweli, sare ni za kweli, na helikopta ni ya kweli, vyote vikiazimwa jeshini kupitia Ofisi ya Mahusiano. Ofisi hiyo haitozi chochote. Inaomba tu isome hati kabla mchezo haujapigwa picha, na ikishasoma hupendekeza. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Huu una helikopta, na Hemedi ameulamba misimu kadhaa bila kuchoka.

Mwezi uliopita, wakipiga picha karibu na kijiji cha Kisimachuma, helikopta ilishushwa chini ili nywele za Luteni Pendo zipepee. Zilipepea vizuri sana. Yalipepea pia mabati ya jiko la Bi. Somoe, na bati moja likamkata kiganja cha kulia, hata leo vidole viwili havikunjiki. Bi. Somoe husuka ukili na kushona mikeka. Tena ni shangazi yake Hemedi, dada wa baba yake, aliyemlea tangu hajaota meno.

Jioni ile ile ofisi ilimwomba Hemedi, kwa kuwa ana kalamu nzuri, aandike taarifa fupi kwa vyombo vya habari. Akaandika kwamba mabati yaling'olewa na "upepo usio na adabu". Wahariri waliyapenda maneno hayo. Vituo vyote vikaisoma taarifa kama ilivyo, bila kuongeza wala kuuliza. Na leo asubuhi saa nne Hemedi anatakiwa studio pamoja na Kapteni Stamili wa ofisi hiyo, wazungumzie msimu mpya moja kwa moja hewani. Wakiulizwa juu ya mabati, wameshakubaliana: upepo. Basi, sasa tuingie.

Yuko ofisini kwa Kapteni Stamili. Ofisi ni ile ile anayoijua, ila dari limekuwa mbingu ya rangi ya kijani ya jeshi, na mawingu yanatembea kwa gwaride, kushoto, kulia. Mezani kuna chai ya maziwa na sahani ya maandazi, kama kawaida ya ofisi hiyo kwa mgeni yeyote mwenye kalamu.

"Karibu, mwandishi," linasema andazi la juu. "Mimi ni pendekezo."

"Pendekezo gani?"

"Nile kwanza."

Hemedi analila. Lina iliki. Likishuka tumboni, mstari mmoja unajinyanyua kwenye hati yake, unapiga saluti na kutoka mlangoni. Ulikuwa mstari wa mwanajeshi anayemwomba radhi mwanakijiji. Hemedi anautazama ukienda, kisha anachukua andazi la pili, maana ni matamu na hajapata kifungua kinywa.

"Sisi hatukatazi," anasema Kapteni Stamili. Ni mwanamke mpole, anayekumbuka majina ya watoto wa kila mwandishi wa habari mjini. "Tunapendekeza. Umewahi kunisikia nikikataza?"

"Hapana, afande."

"Basi sasa ni zamu yetu kuazima. Sisi tulikuazima helikopta. Wewe tuazime mdomo."

Linaonekana ni jambo la haki. Hemedi anauvua mdomo wake, anaupangusa makombo, anautundika kwenye msumari kando ya kofia za maofisa. Ni mdomo mzuri, wenye mwanya. Shangazi yake husema mwanya ule ni mlango wa maneno matamu, na husema hivyo mbele za watu.

"Tutautunza," anasema Kapteni. "Hata mswaki tutaupigia."

Nje, kwenye korido, helikopta imekaa kwenye benchi, imebana magoti na kuweka kofia mapajani. Inasogea kidogo ili Hemedi apate nafasi.

"Nimekaa hapa tangu siku ile," inasema. "Nilidhani wataniita niseme ilivyokuwa. Hawaniiti. Kila anayepita ananiambia haikuwa mimi, na wananiambia kwa upole, kwa hiyo siwezi kubisha."

Hemedi anatikisa kichwa. Ndicho kilichobaki.

"Nilimwambia rubani tuko chini mno. Akasema hati inataka nywele zipepee. Ni nani aliandika habari ya nywele?"

Hemedi anaangalia viatu vyake. Hana mdomo, lakini tusimsingizie mdomo. Hata angekuwa nao asingejibu.

"Simlaumu," inasema helikopta. "Zilipepea vizuri."

Hapo aibu inamshika, ya kwanza katika usiku huo na wala si kubwa kuliko zote. Anainuka aende msalani. Anafungua mlango na kujikuta uani kwa shangazi yake, Kisimachuma, mchana kweupe. Jiko halina paa. Mabati yenyewe yamesimama pembeni kwa foleni, yameinamisha vichwa. Majirani wamekaa mikekani, kila mmoja amepakata redio kama anayebembeleza mtoto. Kila redio ina mdomo, na kila mdomo una mwanya.

"Ulikuwa upepo usio na adabu," zinasema redio zote, kwa sauti ya Hemedi.

Jirani wa karibu ni Mzee Chande. Siku ya tukio kila mtu alimwona ameshikilia kofia yake kwa mikono miwili huku akiikodolea macho helikopta. Sasa Mzee Chande anaisikiliza redio mpaka mwisho. Halafu anaingiza vidole sikioni na kutoa helikopta ndogo, ukubwa wa kifaranga, ndiyo ile aliyoiona. Anaitazama kwa huruma, anaitia ndani ya kapu ambalo askari mmoja anapitisha kwa heshima.

"Nilikosea," anasema. "Nilidhani nimeiona. Lakini redio itanidanganya ya nini? Haina hata shamba hapa."

Majirani wengine nao wanatoa zao, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaochangia harusi. Kapu linajaa helikopta, zinalia pii pii. Linafika kwa Bi. Somoe. Yake ameifumbata ndani ya ule mkono wenye bandeji.

"Hii siitoi," anasema. "Imenikata."

"Somoe," anasema Mzee Chande, "unataka kusema vituo vyote ni vya waongo, mkweli ni wewe tu?"

Bi. Somoe anageuka, anamwona mtoto wa kaka yake amesimama karibu na jiko, na uso wake unachangamka kama wa mtu aliyemwona wakili wake.

"Huyu hapa baba yangu amekuja. Yeye amesoma, na hao watu anafanya nao kazi. Baba, hebu waambie. Ilikuwa nini?"

Majirani wanageuka kumtazama. Hata mabati yanainua vichwa. Hemedi anapeleka mkono pale ulipokuwa mdomo na kukuta ngozi tupu, laini kama ganda la yai. Redio zote zinamjibia, kwa sauti yake, kwa mwanya wake, kwa ule utamu wake: upepo usio na adabu.

Bi. Somoe hakasiriki. Laiti angekasirika. Anautazama mwanya kwenye redio hii, anautazama kwenye redio ile, halafu taratibu anajifunika uso kwa upindo wa kanga, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mkwewe. Hemedi anatamani ardhi impasukie. Ardhi inasema haikupewa maelekezo.

Ni hapo upepo unapobisha hodi.

Unabisha, unangoja ujibiwe karibu, unavua viatu mlangoni, unawaamkia wakubwa wote mmoja mmoja. Umevaa ovaroli, na nywele zimejaa makapi.

"Nani hapa aliandika kwamba sina adabu?" unauliza, kwa utulivu kabisa.

Kila mtu anaangalia pengine.

"Siku ile nilikuwa bondeni, nawapepetea watu mpunga. Makapi haya hapa kichwani. Sijaoga tangu siku hiyo, nayatunza yawe ushahidi. Husemwa asiyekuwepo na lake halipo. Mimi sikuwepo, lakini langu limo redioni kila taarifa ya habari. Watoto wananipigia mluzi njiani. Jana nimekauka kwa aibu nikipita mbele ya shule."

Hemedi anapiga magoti, anaunganisha viganja, anaonyesha kifua chake, anaonyesha angani, anazungusha kidole kama panga la helikopta.

"Huyu anasemaje?" unauliza upepo.

"Hana mdomo," anasema Mzee Chande. "Ameuazimisha."

"Basi aende akaukomboe. Mimi mpaka hapo nimeacha kazi."

Unavaa viatu, unaaga, unaondoka. Nguo kwenye kamba zinanyooka na kutulia. Bi. Somoe anachukua ungo, maana kazi haingoji watu wamalize mambo yao, na anaanza kupepeta. Mchele unapanda pamoja na makapi, unashuka pamoja na makapi, pale pale. Anarusha tena. Anarusha kwa ule mkono usiokunjika, ungo unamponyoka, anauokota, anarusha tena. Hakuna anayemsaidia, kwa sababu redio zimeanza muziki.

Hemedi anakimbia. Anarudi kwa mlango ule ule mpaka ofisini. Mdomo wake uko pale pale msumarini, na Kapteni Stamili anaupiga mswaki taratibu, hasa penye mwanya.

"Tunauhitaji saa nne," anasema. "Kipindi kikiisha utauchukua. Lakini ni mdomo wako, na sisi hatukatazi. Tunapendekeza usubiri."

Msumari uko usawa wa mkono wake. Hakuna askari mlangoni. Hakuna aliyemshika. Hemedi Chilumba anautazama mdomo wake, anamshukuru Kapteni kwa kichwa, anatoka na kwenda kukaa kwenye benchi kando ya helikopta. Anabana magoti, anasubiri.

Akaamka.

Kulikuwa kumekucha. Kitu cha kwanza alichofanya ni kujipapasa usoni. Mdomo ulikuwepo. Akalala chali akijiambia kwamba ndoto ni ndoto, na kwamba mtu hawezi kuhukumiwa kwa alivyokaa kwenye benchi akiwa usingizini. Lakini alikuwa ameloa jasho mpaka godoro, naye hulala na feni. Akaitazama. Feni ilikuwa inazunguka, tena kwa kasi ya mwisho.

Akanyoosha mkono mbele yake. Hakuna kitu. Akatoa karatasi ya chooni na kuining'iniza mbele ya mapanga yale. Ikabaki imenyooka chini. Akazima, akawasha. Feni ikanguruma kama kawaida, pazia halikutikisika. Dirishani moshi wa muuza chapati ulikuwa unapanda wima kama kamba ya kisima.

Akampigia shangazi yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona asubuhi yote hii, kuna msiba?"

"Hakuna. Mkono unaendeleaje?"

"Mkono upo. Huku tunahangaika na joto. Tangu alfajiri jani halitikisiki. Nimetwanga mpunga wangu kidogo, sijui nitaupepeta na nini."

Hemedi alikaa kitandani.

"Ile taarifa ya redioni, shangazi. Ya mabati. Niliiandika mimi."

"Najua."

"Nani alikwambia?"

"Wewe mwenyewe. Nimekaa naisikiliza redio, nasikia 'upepo usio na adabu'. Hapa duniani nani anausema upepo hivyo, zaidi yangu? Nilikuwa nausema nikipepeta, na wewe uko mgongoni."

Hemedi hakuwa amelikumbuka hilo. Alipokuwa akiandika alidhani maneno yamemjia tu, kama yanavyowajia watu wenye kalamu nzuri. Aibu iliyompata sasa, macho wazi, ndoto nzima haikuifikia hata kisigino.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Huku nimeshaitwa mwongo. Niwaambie tena kwamba aliyeandika ni mwanangu niliyemlea mwenyewe? Niliona la mkono nilibebe, na lako nilifunike."

"Nisamehe, shangazi. Haukuwa upepo. Ilikuwa helikopta, na mimi ndiye niliyeandika ishuke."

"Mimi unaniambia ya nini, baba? Mimi nilikuwepo. Kawaambie ambao hawakuwepo. Na Chande naye umwambie, alikuwepo akasahau."

Gari la Ofisi ya Mahusiano lilipopiga honi nje, Hemedi alikuwa ameshaoga na kupiga mswaki, mwenyewe, kwa mkono wake. Dereva akamfungulia mlango na kumnyooshea mfuko wa karatasi uliotoka kwa afande. Yalikuwa maandazi, bado ya moto, yananukia iliki. Hemedi hakuwa amekula kitu tangu jana. Akasema ameshiba.

Chumbani feni ilibaki inazunguka bila kutoa upepo. Aliiacha makusudi, ili akirudi ajue kama amesamehewa.