Salamu za Taa

Nilimwambia Zubeir, fundi wa kompyuta za magari pale Chake, kwamba nataka injini iwe na mwendo wa upole na mwengine wa kukimbia. Akanitilia programu mbili. "Ukiwasha taa kubwa mara mbili, inabadilika," akanieleza, na mimi kwa ujinga wangu nikaona ni ujanja mtupu.

Nilisahau kuwa naishi Pemba. Hapa madereva wakipishana husalimiana kwa taa, tena mara mbili, na asiyeitikia huitwa mwenye kiburi mpaka siku anayozikwa.

Alhamisi nikamchukua Bi Mwatima kutoka Ole kumpeleka kwake Wete. Ni mama yake Shadya, na Shadya nampenda, sifichi. Neno la Bi Mwatima ndilo litakaloniozesha au kuninyima. Tulikwenda taratibu mpaka tukapishana na Msellem wa lori. Akaniwashia, nikamjibu. Gari likaruka, bomba la moshi likapiga fataki, na Bi Mwatima akaanza kusoma Ayatul Kursiy.

"Haitham, wakimbilia wapi mwanangu?"

Salamu ya pili ikaturejesha kwenye upole. Ya tatu ikaturusha tena, ya nne ikatutuliza. Basi nikaacha kujibu.

"Yule Mzee Ngwali kakusalimu," akasema Bi Mwatima. "Mbona wamnyamazia? Ndivyo ulivyolelewa?"

Maji yakanifika shingoni. Nikijibu ni mwendawazimu, nikinyamaza sina adabu. Nilimlaani Zubeir kimoyomoyo, kisha nikajilaani mwenyewe.

Tulipokaribia Wete ikatokea pikapu ya Mzee Kificho, baba yake Shadya. Akapunguza mwendo, akawasha taa. Nikasimama pembeni, nikateremka, nikavuka barabara, nikampa shikamoo na kumbusu mkono.

Mzee alinitazama kwa mshangao. "Vijana wa sasa hata kioo hawateremshi," akampazia sauti mkewe. "Huyu kalelewa."

Niliporudi garini sifa zile zilinichoma. Nikamweleza Bi Mwatima yote, taa, Zubeir na programu zake.

"Baba yake usimwambie," akasema. "Lakini kabla hujaleta wazee wako, hino ya pili kaitoe. Mwanangu simwozi mtu wa programu mbili."